UZI: Barafu ndani ya injini, ajali za ndege ndogo, na ushahidi unaoyeyuka kabla mchunguzi hajafika

1/
Ndege ndogo ikianguka na mtu mkubwa akiwa ndani, mjadala wetu hugawanyika mara mbili kabla hata moshi haujaisha. Kundi la kwanza: "Huo ni mkono wa mtu." La pili: "Ni mapenzi ya Mungu, wacheni siasa." Leo nataka tuangalie sababu moja ya ajali ambayo haipendezi kundi lolote kati ya hayo: barafu ndani ya kabureta. Uzi ni mrefu kidogo, jipatie chai.

2/
Niseme mapema: mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya siasa, si rubani wala injinia. Kinachonivuta hapa ni swali la uwajibikaji. Raia atadai vipi jibu kutoka kwa serikali kuhusu tukio ambalo ushahidi wake mkuu hutoweka wenyewe? Sitataja mwanasiasa, chama, wala ajali yoyote ya hapa kwetu. Anayetaka majina hatayapata kwangu.

3/
"Barafu itoke wapi na sisi tuko ikweta?" Hilo ndilo jibu la kwanza mtu akitaja barafu, na ukilisikia mara moja lina mantiki. Lakini sizungumzii theluji ya Mlima Kenya, wala barafu inayoshika mabawa ndege ikipita mawingu ya juu. Hii hutengenezwa na injini yenyewe, tumboni mwake, siku ambayo wewe huku chini umevaa shati tu.

4/
Jaribu hivi. Mwaga sanitaiza kwa kiganja. Unasikia baridi, sivyo? Haikutoka kwa friji. Spiriti ikigeuka mvuke hunyonya joto la ngozi yako. Ama ukipika githeri kwa moto mkubwa muda mrefu, gusa mtungi wa gesi kule chini: ni baridi, na unatoa jasho. Ni sheria ile ile. Kioevu kikigeuka mvuke, huchukua joto kutoka kwa chochote kilicho karibu.

5/
Kabureta hufanya hivyo mfululizo injini ikiwa inanguruma. Kazi yake ni kuchanganya petroli na hewa kabla mchanganyiko haujaingia kwenye silinda. Hewa inalazimishwa kupita kwenye koo jembamba. Inakimbia, presha inashuka, na petroli inanyunyizwa humo na kugeuka mvuke. Presha ikishuka, joto linashuka. Petroli ikigeuka mvuke, joto linashuka tena. Kwa pamoja, joto ndani ya koo hilo linaweza kuanguka kwa digrii 20 hadi 30, wakati mwingine zaidi.

6/
Sasa piga hesabu ya Nairobi. Asubuhi ya Julai, mawingu yamelala chini, digrii 14. Toa 20. Uko digrii 6 chini ya sifuri. Unyevu uliokuwa hewani unaganda kwenye kuta za koo na kwenye kilango kinachodhibiti hewa inayoingia. Njia inazibika polepole, kama sinki la jikoni linavyozibwa na mafuta ya kupikia. Injini inakosa pumzi. Nguvu inashuka. Ikiachwa hivyo, inazima.

7/
Kwa hivyo hoja ya ikweta inageuka juu chini. Baridi kali ya nchi za theluji mara nyingi ni kavu, na bila unyevu hakuna cha kuganda. Hatari kubwa iko kwenye baridi ya wastani yenye unyevu mwingi.

Marubani wana chati inayolinganisha joto la hewa na kiwango cha umande, yaani joto ambalo mvuke huanza kugeuka matone. Digrii 15 zikikutana na umande wa digrii 12, chati inakuweka kwenye eneo baya kabisa: barafu kali, injini ikiwa kwa nguvu yoyote ile. Wakazi wa Nairobi, hiyo si ndiyo Juni hadi Agosti yetu?

Na watu wa pwani msicheke. Hata kwa digrii 25 na zaidi, rubani akipunguza nguvu ili ashuke, kilango kikiwa karibu kufungwa, barafu inaweza kushika.

8/
Wala hili si jambo geni lililogunduliwa jana. NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, ilitoa onyo maalum kwa marubani kulihusu. Kwa hesabu yao, kati ya 2000 na 2011 barafu ya kabureta ilisababisha au ilichangia ajali zipatazo 250, na kwa wastani ajali mbili za vifo kila mwaka. Hiyo ni nchi yenye ndege ndogo nyingi sana, kwa hivyo usiichukue hesabu hiyo ukaibandika Kenya. Ninachotaka ubaki nacho: ni hatari inayojulikana, imehesabiwa, na ina dawa.

9/
Dawa yenyewe ni kishikio kimoja ndani ya chumba cha rubani. Akikivuta, hewa iliyopashwa joto karibu na bomba la moshi inaelekezwa kwenye kabureta, na barafu inayeyuka.

Ila kuna mtego. Kama barafu tayari imeshika, injini kwanza inakohoa zaidi, kwa sababu inameza maji ya barafu na hewa moto ambayo ni nyepesi. Rubani asiye na mazoezi anashtuka, anadhani ameharibu, anakirudisha kishikio. Sekunde chache za kuvumilia ndizo tofauti. Hayo hufundishwa, na mafunzo hukaguliwa na mtu. Kumbuka neno "hukaguliwa", tutalirudia.

10/
Na helikopta, kwa kuwa siasa zetu haziendi bila helikopta? Nyingi zinazotua kwenye mikutano zina injini za aina ya tabaini, ambazo hazina kabureta kabisa. Lakini zipo ndogo za pistoni, kama Robinson R22 na baadhi ya R44, zenye kabureta. Kwa hizo kuna ujanja mbaya zaidi: mtambo unaoshikilia kasi ya injini hufungua kilango wenyewe kufidia nguvu inayopotea. Rubani haoni dalili mapema. Barafu inajificha nyuma ya mtambo uliowekwa kumsaidia.

11/
Hapo tayari una swali la kwanza la kuuliza ajali ikitokea: injini ilikuwa ya aina gani?

Cessna 172 za zamani zina kabureta. Zilizotengenezwa kuanzia katikati ya miaka ya 1990 hunyunyiza petroli moja kwa moja kwenye mlango wa silinda, hazina kabureta. Cessna Caravan, ile inayobeba watalii kwenda mbugani na miraa kwenda sokoni, ni tabaini. Kwa hivyo mtu akikwambia Caravan ilianguka kwa barafu ya kabureta, hajui anachosema, au anajua na anakudanganya.

12/
Sasa tuingie kwenye siasa yenyewe.

Bomu huacha mabaki ya baruti. Waya iliyokatwa huonekana imekatwa. Petroli iliyochanganywa na maji inaweza kupimwa. Barafu ya kabureta huacha nini? Injini bado ni moto, jua linawaka, na wachunguzi wanafika saa kadhaa baadaye, pengine kesho yake kama ni porini. Wakifungua kabureta wanakuta kabureta. Safi. Kavu. Shahidi mkuu ameshaondoka.

13/
Na hapa ndipo mjadala wetu huharibika. Taarifa inasema: "Injini haikupatikana na hitilafu." Mtandaoni inasomeka: "Injini ilikuwa nzima, kwa hivyo waliua mtu."

Lakini injini nzima, yenye mafuta kwenye tangi, iliyozima bila sababu inayoonekana siku ya baridi na unyevu, ndiyo picha ambayo barafu ya kabureta huiacha nyuma. Kukosekana kwa hitilafu hakuthibitishi njama. Hakuthibitishi barafu pia. Kunatuambia tu kwamba kazi ya uchunguzi ndiyo inaanza.

14/
Kazi hiyo hufanywa vipi? Kwa kuondoa moja baada ya nyingine.

Mafuta yalikuwepo na yalikuwa safi? Plagi na mfumo wa umeme vilifanya kazi? Injini ikifungwa kwenye mtambo wa majaribio, inawaka? Mapanga ya propela yamejipinda kwa namna inayoonyesha yalizunguka kwa nguvu, au yalikuwa yamelegea? Mashahidi walisikia mlio ukikatika-katika? Kishikio cha hewa moto kilikutwa wapi, kimevutwa au la, na waya wake ulikuwa mzima? Kituo cha hali ya hewa kilicho karibu kilirekodi joto gani na umande gani saa ile?

Yote yakijibiwa, wachunguzi huandika "sababu inayoelekea zaidi". Wengi husikia maneno hayo kama kukwepa. Mimi nayaona kama uaminifu: wamesema wanachoweza kuonyesha, wakaishia hapo.

15/
Mfano bora ninaoujua wa barafu iliyotoweka hautoki kwa ndege ndogo wala kabureta. Ni ndege kubwa, lakini somo ni lile lile.

Tarehe 17 Januari 2008, Boeing 777 ya British Airways kutoka Beijing ilikuwa inatua Heathrow, London, na watu 152 ndani. Karibu kufika, injini zote mbili zikakataa kuongeza nguvu. Ikaanguka kwenye nyasi kabla ya barabara ya kurukia. Hakuna aliyefariki.

Wakati huo msafara wa Waziri Mkuu wa Uingereza ulikuwa karibu na uwanja. Unaweza kubahatisha uvumi ulivyoanza: eti mitambo ya walinzi wake ya kuzuia mawimbi ya redio ndiyo iliyovuruga ndege. Kwa hivyo msidhani ni sisi tu.

16/
Wachunguzi hawakuupuuza uvumi huo. Waliupima, wakauondoa. Kisha wakabaki na injini zisizo na kasoro ya kueleza lililotokea, na swali. Ilibidi warudie maabarani hali ya safari ile, na baridi ile ya juu, hadi wakaona: vipande vya barafu kutoka kwa maji kidogo yaliyomo kwenye mafuta viliweza kuziba kifaa ambacho mafuta hupitia kabla ya kuingia kwenye injini. Barafu yenyewe hawakuiona kamwe kwenye mabaki. Ilikuwa imeyeyuka.

Ripoti ya mwisho ilitoka Februari 2010, miaka miwili baadaye, na kile kifaa kikabadilishwa muundo. Uvumi ulikufa kwa sababu mtu yeyote aliweza kusoma hatua kwa hatua jinsi walivyofika pale. Hakuna waziri aliyehitaji kusimama na kusema "niaminini".

17/
Lakini nigeuze upande wa pili, kwa sababu kuna wenzangu wamesoma hadi hapa wakishangilia kwamba nimewamaliza watu wa njama. Hapana.

Sababu isiyoacha alama ni kapu zuri sana la kutupia kila kitu. Idara isiyo na watu wa kutosha, ama isiyotaka kuudhi mwenye kampuni, inaweza kuandika "barafu" na kufunga faili. Kwa hivyo neno hilo peke yake lisikutulize. Bila aina ya injini, bila takwimu za hali ya hewa ya saa ile, bila orodha ya yale yaliyoondolewa na jinsi yalivyoondolewa, "barafu" ni uvumi uliopigwa muhuri wa serikali.

18/
"Kisanduku cheusi kiko wapi? Wamekificha!" Swali zuri kwa ndege kubwa. Lakini ndege nyingi ndogo za pistoni hazijawahi kuwa nacho, na sheria za kimataifa haziwalazimishi wenye ndege nyepesi namna hiyo kukiweka. Huwezi kuficha kisichokuwepo. Ukitaka kupiga kelele yenye maana, dai vifaa vidogo vya kurekodi safari viwekwe kwenye ndege zinazobeba abiria wa kulipa. Hiyo ni sera, na sera ina anayewajibika.

19/
"Rubani alikosea, mwachieni Mungu." Hii ndiyo inaniumiza zaidi, kwa sababu marehemu hawezi kujibu, na familia yake inabaki ikibeba lawama kijijini.

Hata kama rubani hakuvuta kishikio, uliza nyuma yake. Nani alimfundisha, na lini alikaguliwa mara ya mwisho? Waya wa kile kishikio ulihudumiwa lini? Nani aliamua safari iende asubuhi ile? Kulikuwa na mkutano wa hadhara ambao lazima "mheshimiwa" afike saa nne, hali ya hewa ipende isipende? Kosa la mtu mmoja mara nyingi ni mwisho wa mnyororo ulioshikwa na wengi.

20/
Kuhusu "mapenzi ya Mungu": sibishani na imani ya mtu aliye msibani. Kufariji ni kazi ya dini na majirani. Lakini kiongozi akisimama matangani na kusema hivyo kabla uchunguzi haujaanza, hafariji, anafunga mlango. Na yule anayefuata kwa kipaza sauti akisema "tunawajua waliofanya hivi" naye anafunga mlango ule ule kwa ufunguo mwingine. Tumeona kifo kimoja kikigeuzwa mtaji wa kampeni, na jirani akaanza kumtazama jirani kwa jicho baya. Wote wawili hawahitaji ripoti. Sisi ndio tunaihitaji.

21/
Basi nani hufanya kazi hiyo Kenya? Ni Idara ya Uchunguzi wa Ajali za Ndege, ile mnaiona kwenye habari kama AAID, chini ya wizara inayohusika na uchukuzi. Si KCAA. KCAA ndiyo inayotoa leseni na kukagua kampuni, kwa hivyo isingefaa ijichunguze yenyewe iwapo ukaguzi wake ndio ulilegea.

AAID hufuata Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa 1944. Kiambatisho hicho kinasema wazi kwamba lengo pekee la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, si kugawa lawama. Kwa hivyo usitarajie ripoti iseme "fulani ashtakiwe". Kama kuna dalili ya uhalifu, hiyo ni njia nyingine: polisi, mwendesha mashtaka, mahakama. Njia mbili, na zote mbili tuna haki ya kuzidai.

22/
Kiambatisho hicho hicho kinataka ripoti ya mwisho itolewe kwa umma mapema iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya miezi 12. Isipokamilika, serikali itoe taarifa ya hatua iliyofikiwa kila ajali inapotimiza mwaka.

Soma tena hiyo sentensi ya mwisho. Kuchelewa kunaruhusiwa. Kunyamaza hakuruhusiwi. Tunapouliza "ripoti iko wapi?" na kujibiwa "uchunguzi unaendelea", swali la pili liwe: "Taarifa ya mwaka huu iko wapi?"

23/
Na una silaha nyingine mfukoni. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu. Kuna mambo wanayoruhusiwa kuyazuia, lakini lazima wakupe sababu, na ukikataliwa unaweza kwenda kwa Ombudsman. Huhitaji wakili. Barua moja iliyoandikwa vizuri hufanya kazi ambayo machapisho elfu moja ya hasira hayafanyi.

24/
Kwa hivyo, ajali ijayo ikitokea, na Mungu atuepushie, hifadhi haya maswali sita:

• Injini ilikuwa ya aina gani, na ina kabureta?
• Joto na umande vilikuwa kiasi gani mahali pale, saa ile?
• Ni sababu zipi zilizoondolewa, na kwa kipimo kipi?
• Rubani alikaguliwa lini, na ndege ilihudumiwa lini, na nani?
• Nani aliamua safari iende?
• Ripoti itatoka lini, na isipotoka, taarifa ya mwaka itatoka siku gani?

Anayekasirishwa na maswali haya, awe wa serikali au wa upinzani, mtazame mara mbili.

25/
Barafu ikishayeyuka hairudi. Kinachobaki ni karatasi: rekodi ya hali ya hewa, kitabu cha matengenezo, cheti cha mafunzo, ripoti. Karatasi hazisemi zikikaa kabatini, na zikikaa huko, kila mmoja wetu atajazia hadithi yake.

Una swali ama nyongeza, weka hapo chini, hasa marubani na mafundi mlioko hapa. Uzi ujao: tume za uchunguzi, kwa nini tunaziunda kwa haraka na kuzisahau kwa haraka zaidi.